Barua Iliyo Sarakani: Tuyafahamu Maradhi ya Selimundu



Ndugu wasomaji, mwezi huu naomba niwaeleze habari za maradhi ambayo wengi wetu tumeyaona majumbani mwetu bila ya kuyajua jina. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu asiyekiri makosa yake hana haki ya kusahihisha ya wengine.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Ndio kwanza nimetoka Chuo Kikuu, na niliamini kwamba mwanafunzi asiyehudhuria darasani ni mvivu mpaka athibitishe vinginevyo. Katika darasa langu alikuwamo kijana nitakayemwita Salim, ingawa hilo si jina lake. Alikuwa mwembamba, mfupi kuliko wenzake, na macho yake yalikuwa na rangi ya manjano. Kila baada ya wiki chache alikosa masomo siku tatu au nne, na akirudi husema kwamba miguu ilimuuma. Siku za mvua na baridi ndipo alipozidi kukosa.

Nilimwadhibu. Asubuhi moja nilimwamuru auzunguke uwanja wa mpira mara kumi mbele ya wenzake. Alizunguka mara nne akaanguka, amekishika kifua chake. Alilazwa hospitalini siku kumi na moja, na huko ndiko baba yake alikoambiwa kwamba mtoto ana maradhi ya damu aliyozaliwa nayo. Mzee yule alikuja kuniona nyumbani. Hakunilaumu. Aliniambia, "Mwalimu, hata sisi tulikuwa tukimkanda kwa mafuta tukidhani ni baridi yabisi." Salim alifariki miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 18. Allah amrehemu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila nilichokipata kuhusu maradhi hayo. Kitaalamu yanaitwa selimundu. Mitaani watu husema sikoseli.

KWA NINI NAYAANDIKA LEO

Mwaka 2024 jamaa zetu fulani hapa Uingereza waliniomba nifuatane nao katika shughuli ya posa ya binti yao. Siku chache kabla ya wageni kufika, mama mtu alikuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha binti katika saraka ya kabati. Ndani ya bahasha hiyo hiyo alikuta barua ya hospitali ya mwaka 2006, binti akiwa mchanga wa wiki chache. Barua ilisema kwamba mtoto ni mzima, lakini anabeba urithi wa selimundu. Mama aliniambia kwa uchungu: "Walisema mtoto mzima, basi nikaikunja nikaiweka." Barua ile ilikuwa imelala sarakani miaka kumi na minane.

Ndugu wasomaji, tangu mwaka 2006 kila mtoto anayezaliwa Uingereza hutolewa tone la damu kisiginoni akiwa na umri wa siku tano hivi, wazazi wakiridhia, na miongoni mwa yanayopimwa ni selimundu. Marekani nako, kufikia mwaka huo huo, majimbo yote yalikuwa yakiwapima watoto wachanga. Wale waliozaliwa wakati huo sasa wamefika umri wa kuposa na kuposwa. Barua zao ziko majumbani mwetu. Swali ni nani amezisoma.

MUNDU NDANI YA DAMU

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo mno zenye umbo la duara lililobonyea katikati, mfano wa kitumbua kilichobinywa kwa vidole. Ndani ya chembe hizo mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kuichukua oksijeni mapafuni na kuifikisha mwilini kote. Chembe iliyo salama ni laini. Hujipinda na kupenya katika mishipa myembamba kuliko unywele, na huishi yapata siku 120.

Hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina kasoro. Ikishaitoa oksijeni, hushikamana yenyewe kwa yenyewe ikawa kama vijiti vigumu, na chembe nzima hupoteza duara lake ikajipinda mfano wa mundu, ile zana ya kukatia majani na kuvunia mpunga. Jina la maradhi limetokana na umbo hilo. Chembe za namna hii hukwama katika mishipa midogo kama magogo yaliyoziba mfereji. Sehemu isiyofikiwa na damu huuma, na maumivu hayo huweza kuwa mifupani, tumboni, kifuani au mgongoni. Wanaoyapata husema hayafanani na maumivu mengine yoyote.

Aidha, chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 tu, na mwili hauwahi kutengeneza nyingine kwa kasi inayotosha. Ndiyo sababu mgonjwa huwa na upungufu wa damu na huchoka upesi. Ule umanjano wa macho ni mabaki ya chembe zilizovunjika. Haumwambukizi mtu, wala mtoto hana haja ya kutengewa kikombe.

YALIVYOJULIKANA

Bila ya shaka maradhi haya ni ya kale, lakini vitabu vya utabibu wa kisasa viliyaandika kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Mwishoni mwa mwaka 1904 kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno mjini Chicago, alilazwa hospitalini. Daktari Ernest Irons aliitazama damu yake kwa darubini akaona chembe ndefu zilizopinda, na mkuu wake, James Herrick, ndiye aliyezichapisha habari hizo. Noel alirudi kwao akafanya kazi yake ya meno mpaka alipofariki mwaka 1916. Naye alikuwa mgeni ughaibuni kama sisi, akiugua katika baridi ya watu.

Mwaka 1949 mwanasayansi Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika hemoglobini yenyewe. Mwaka huo huo kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuwa akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Aliona jambo la ajabu: waliobeba urithi wa selimundu walikuwa wengi pwani na karibu na Ziwa Viktoria, lakini nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache. Akajiuliza ni kitu gani kilichopo pwani na ziwani kisichokuwapo milimani. Jawabu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake kwamba mtoto aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo urithi huo ulidumu vizazi na vizazi mahali penye malaria.

Hapa pana fundisho kubwa. Wazee wetu wa Mombasa, Pemba, Unguja, Tanga na Kilwa hawakulogwa wala hawakulaaniwa. Jambo lile lile lililowalinda baadhi ya watoto wao na malaria ndilo lililowaumiza wengine. Wala mtu asiseme kwamba nasaba yake ni ya Kiarabu au ya Kihindi na kwa hiyo hayamhusu. Selimundu ipo mashariki ya Saudi Arabia, ipo Bahrain na Oman, ipo India, ipo Ugiriki na Sicily. Damu haiulizi kabila.

HISABU YA URITHI

Sasa naomba mnivumilie kama wanafunzi, kwani hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kila mtu ana jeni mbili za kutengeneza hemoglobini, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye jeni mbili salama hana neno. Mwenye moja salama na moja ya selimundu huitwa mbebaji: si mgonjwa, huishi maisha yake ya kawaida, na aghalabu hajijui mpaka apimwe. Mwenye jeni mbili za selimundu ndiye mgonjwa.

Mbebaji akimwoa asiyebeba, hakuna mtoto wao atakayeugua selimundu, bali kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, basi katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuwa mgonjwa ni asilimia 25, wa kuwa mbebaji asilimia 50, na wa kutorithi kabisa asilimia 25. Mgonjwa akioana na mbebaji, uwezekano wa mtoto kuwa mgonjwa ni nusu kwa nusu.

Angalieni neno "kila mimba". Ni kama kurusha sarafu: sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Baadhi ya watu husema, "Tumeshampata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima." Hesabu hiyo si sahihi. Wapo waliopata wazima wanne, na wapo waliopata wagonjwa wawili mfululizo.

Angalieni tena kwamba mtoto hawezi kuugua ila amerithi pande zote mbili. Nimeona ndoa zikivunjwa kwa sababu mama mkwe amesema, "Ukoo wetu hauna maradhi haya, umeyaleta wewe." Huyo mkwe hajui kwamba mwanawe naye amechangia nusu kamili. Mume mbebaji akimwacha mkewe akaoa mwingine bila ya kupima, amehama nyumba tu. Jeni yake anayo.

Wapo pia wanaorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja na kasoro nyingine ya hemoglobini kwa mzazi wa pili, kama vile thalasemia, ambayo ni nyingi Uarabuni na India. Nao huweza kuugua. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Je, unabeba selimundu?" Ombeni kipimo kamili cha hemoglobini.

Kuhusu ndoa za binamu, dini imezihalalisha na mimi si wa kuziharamisha. Nasema tu kwamba watoto wa ndugu wamegawana babu na bibi, na kwa hiyo uwezekano wa wote wawili kubeba jeni moja ni mkubwa zaidi. Haja yao ya kupima ni kubwa zaidi pia.

DALILI ZA KUZIJUA

Mtoto mgonjwa huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa miezi ya mwanzo bado anatumia hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni. Kuanzia umri wa miezi sita hivi viganja na nyayo huweza kuvimba na kuuma, na mtoto hulia akiguswa. Hiyo aghalabu ndiyo dalili ya kwanza. Nyumbani tulisema ni jicho la watu.

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu ayakariri haya, na akiyaona asingoje asubuhi:

Homa ya digrii 38 au zaidi. Bandama la watoto hawa huharibika mapema, nalo ndilo linalosaidia kupambana na vijidudu vya damu. Homa ambayo kwa mtoto mwingine hupoa kwa panadol, kwa huyu huweza kuua kwa saa chache.

Mtoto kupauka ghafla, akawa mlegevu, na tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Hiyo ni ishara kwamba damu imejikusanya katika bandama. Mzazi aombe afundishwe na daktari namna ya kulipapasa.

Kifua kuuma pamoja na kupumua kwa taabu.

Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kupoteza nguvu, au maneno kuchanganyika. Hata mtoto mdogo huweza kupata kiharusi.

La mwisho ni la kuona haya kulitaja, lakini haya isiue. Wavulana na wanaume wenye selimundu huweza kusimikwa kwa maumivu yasiyokoma. Likizidi saa mbili, ni jambo la hospitali. Baba amwambie mwanawe mapema, ili siku hiyo asijifiche chumbani.

KUISHI NAYO HUKU TULIKO

Vitu vinavyoamsha maumivu vinajulikana: baridi, kiu, uchovu mkubwa, homa na fadhaa. Kwa hiyo mtoto avae nguo za kutosha wakati wa kipupwe, asikae na nguo zilizolowa, na anywe maji mchana kutwa. Wenzetu wa Ghuba nao wajihadhari: nje jua hukausha mwili, na ndani mashine za kupozea hewa hutoa baridi ya ghafla.

Hapa nasema na walimu na wazazi pamoja. Figo za mgonjwa wa selimundu hushindwa kuyazuia maji, kwa hiyo mtoto hukojoa mara nyingi na huenda akakojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Hilo si ukaidi, msimpige. Mwandikieni barua mwalimu wake: aruhusiwe chupa ya maji mezani, aruhusiwe kutoka akiomba, asilazimishwe kukimbia kwenye baridi wala kuingia katika bwawa la maji baridi. Laiti baba yake Salim angekuwa na daktari wa kumwandikia barua kama hiyo, nami nikawa na akili ya kuisoma.

Msimpe mtoto vidonge vya madini ya chuma bila ya amri ya daktari kwa kuwa tu "hana damu". Upungufu wake hautokani na ukosefu wa chuma, na chuma kikizidi mwilini huleta madhara.

Mgonjwa akisema anaumwa, asadikiwe. Mwaka 2021 kundi la wabunge wa vyama vyote vya Uingereza lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wagonjwa wa selimundu mara nyingi hawasikilizwi hospitalini, na wengine hudhaniwa kuwa wanatafuta dawa za kulevya. Kwa hiyo mwendeni na mgonjwa wenu. Chukueni karatasi ya daktari wake inayoeleza dawa anazopewa akizidiwa. Mzee asiyejua Kiingereza aombe mkalimani, si kumtumia mtoto mwenyewe anayeumwa atafsiri maumivu yake.

SAFARI ZA NYUMBANI

Kila mwaka familia zetu huenda Mombasa, Dar es Salaam au Unguja kuwaona wazee. Nimesikia watu wakisema, "Mwanangu ana selimundu, hapati malaria." Hili ni kosa la kuua. Kinga ile aliyoigundua Allison ni ya mbebaji, na hata kwake ni kinga ya kiasi tu. Mgonjwa hana kinga hiyo, na malaria kwake ni hatari kuliko kwa mtu mwingine. Wote wawili, mbebaji na mgonjwa, wanywe vidonge vya kuzuia malaria kama walivyoandikiwa, na walale ndani ya chandarua. Wagonjwa wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, wakamilishe chanjo, na wachukue dawa za kutosha. Ndani ya ndege wanywe maji na wajifunike.

RAMADHANI

Kijana mwenye selimundu akiona wenzake wanafunga, naye hutamani, na wazazi huona fahari. Lakini kukaa bila ya maji, hasa Ramadhani inapoangukia siku ndefu za kiangazi cha Ulaya, kunaweza kumlaza hospitalini. Katika Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kwa wasioweza imetajwa fidya. Ruhusa ya Mola si aibu. Kijana amwulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kisha amwulize sheikh wake, na sisi tulio mezani tusimtazame kwa jicho la lawama. Kwa kawaida mbebaji hufunga kama watu wengine.

DAWA ZILIZOPO

Zama za Salim zimepita, na hili ndilo linalonipa matumaini. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku iliwapunguzia watoto wadogo maambukizo makali ya vijidudu vya nimonia kwa asilimia 84. Kwa hiyo mtoto aliyegunduliwa akiwa mchanga huanzishiwa penisilini kabla ya kutimiza miezi mitatu, na huendelea angalau mpaka miaka mitano. Pamoja na chanjo, jambo hili dogo limeokoa watoto wengi.

Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopitishwa kichwani, bila ya maumivu, kuwaangalia watoto wa miaka 2 hadi 16 walio katika hatari ya kiharusi. Wanaoonekana kuwa katika hatari huongezewa damu kwa utaratibu.

Ipo dawa ya hidroksiurea, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima. Hurejesha kwa kiasi ile hemoglobini ya utotoni na kupunguza maumivu. Kwa miaka mingi ilihofiwa kwamba katika nchi zenye malaria ingedhuru. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto wa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, nayo imekuwa kitovu cha utafiti wa selimundu, na Profesa Julie Makani wa huko alitunukiwa tuzo na Royal Society ya London mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Tujivunie watu wetu.

Kupandikizwa uboho kutoka kwa ndugu anayelingana kumewaponya wengi, hasa watoto. Na mwezi wa Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya kurekebisha jeni iitwayo Casgevy. Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Gharama yake Marekani ni kiasi cha dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na matayarisho yake ni mazito. Tiba ipo, lakini bado iko mbali na wengi.

Ama dua na kisomo, tusiache. Lakini dua haigombani na dawa. Anayemwambia mzazi aache penisilini ili kombe lifanye kazi, huyo msimfungulie mlango.

KABLA YA POSA

Turudi kwa binti yetu. Baada ya barua ile kuonekana, mama alitaka kuirudisha sarakani. "Watu watasema nini?" aliuliza. Baba akajibu kwamba watu watasema zaidi mtoto akizaliwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wakawaeleza wazee wa kijana, tena kwa upole, kabla ya mahari kutajwa. Kijana akapimwa. Naye alikuwa mbebaji, na kwao hakuna aliyejua.

Wawili hao walikwenda kwa mshauri wa urithi hospitalini, wakaelezwa kila kitu, wakarudi wakatafakari kwa wiki kadhaa. Mwishowe waliamua kuachana kwa wema. Palikuwa na machozi, nami sitaki kuyapunguza, lakini familia mbili zile hadi leo hutembeleana siku ya Idi. Nawajua wengine ambao, baada ya kujua, waliamua kuoana. Mtoto wao wa pili ni mgonjwa, lakini aligunduliwa kabla ya kumaliza mwezi, akaanza dawa mapema, na leo anasoma. Sisemi kwamba hawa wamefanya sawa na wale wamekosea. Nasema wote waliamua macho yao yakiwa wazi.

Saudi Arabia na Bahrain zimelazimisha uchunguzi wa damu kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na hata huko, baada ya kupewa majibu, wachumba huachiwa waamue wenyewe. Sisi tulioko nchi zisizotulazimisha tusingoje sheria. Tunauliza kuhusu kazi ya kijana, tunauliza kuhusu ukoo, tunauliza kuhusu sala yake. Swali moja la damu halimdhalilishi mtu, ikiwa pande zote mbili zinaulizana na siri inatunzwa. Naomba pia maimamu wetu wanaofungisha nikaha walikumbushe jambo hili mapema, si siku ambayo biriani liko jikoni.

Na akina baba: mama mjamzito akipimwa akaonekana ni mbebaji, baba huitwa apimwe. Nendeni. Kukataa kwenu hakubadilishi kilichomo damuni. Kunamwachia mkeo peke yake hofu ya watu wawili.

KAZI YA NYUMBANI

Mwalimu hastaafu kutoa kazi ya nyumbani. Mwezi huu kila familia ifanye mambo matatu. Kwanza, fungueni saraka, mtafute barua za hospitali za watoto wenu, mzisome, na msipoelewa mumpelekee daktari wenu. Asiyekuwa na barua aombe kipimo. Ni damu kidogo ya mkononi tu. Pili, mwambieni mtoto aliyefikia utu uzima kile kilichoandikwa, kwani habari ile ni yake. Tatu, mwenye afya ajitolee damu. Wagonjwa wetu wanaoongezewa damu huhitaji iliyo karibu na yao kwa aina, na aghalabu hupatikana kwa watu wa asili moja nao. Hapa Uingereza hata mbebaji anaruhusiwa kutoa.

Salim angekuwa hai leo angekuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, pengine mwenye wajukuu. Mimi sikumwuliza swali moja ambalo lingenitosha: "Mwanangu, unaumwa wapi?" Msingoje kama nilivyongoja mimi. Waulizeni wenu leo.

Wabillahi tawfiq.

Mwandishi ni mwalimu mstaafu. Makala haya ni ya kuelimisha na hayashiki nafasi ya daktari wako.